Bandua, usibomoe!

Najua wengi wenu mlitegemea leo tuendelee na mambo ya nani kamtosa nani na nani kavaa nini Jumamosi. Leo mniwie radhi, naingia kazini. Kazini kwenyewe, kule ambako washikaji zetu wanachakarika tangu alfajiri ili jioni warudi na mshiko wa kuwapelekea mama zao, au wachumba zao kwa wale wanaojiweza.

Iko kazi moja ambayo kijana wa mjini haikosi akitafuta. Majengo ya zamani katikati ya jiji, yale ambayo watu wazima bado wanayaita ya Msajili ingawa Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba tangu mwaka 1990, kila siku yanabadilisha wapangaji. Duka la vitambaa linageuka duka la simu. Ofisi ya wakili inageuka saluni. Mpangaji mpya anataka marumaru zinazong'aa mpaka mteja ajione meno. Lakini kabla marumaru hazijalala, vile vigae vya plastiki vya enzi hizo inabidi vitoke. Hapo ndipo anapoitwa deiwaka.

Vigae vyenyewe mnavijua. Vya mraba, vyembamba kama milimita 3 hivi, vya kahawia au kijani iliyochoka au kijivu chenye michirizi kama jiwe. Ukienda ofisi yoyote ya zamani kufuata mhuri, macho yako yanavikanyaga kabla ya miguu. Kimoja kikibanduka pembeni unaona gundi nyeusi chini yake, utadhani barabara ya lami imeingia ndani.

Watu wengi wanaamini kuvitoa hakuhitaji ujuzi. Tindo, nyundo na kifua, basi. Mimi nasema hiyo ni kazi ya fundi kama zilivyo kazi nyingine za fundi, na ubaya wake ni kwamba ukiikosea hulipi leo. Unakuja kulipa ukiwa na miaka 50, bosi wako keshakusahau hata jina.

KUNA NINI MLE NDANI?

Kuanzia miaka ya 1950 mpaka kuelekea 1980, viwanda vingi vya Ulaya na Marekani vilikuwa vikitengeneza vigae hivi kwa kuchanganya plastiki na nyuzi za asbestosi. Ndiyo hiyo hiyo asbestosi mnayoisikia kwenye mapaa ya shule na nyumba za zamani. Waliipendea nini? Ilikuwa bei chee, haishiki moto, na ilikifanya kigae kisiliwe haraka na viatu. Vigae vingine vilibeba asbestosi iliyozidi asilimia 10 ya uzito wake. Na ile gundi nyeusi nayo mara nyingine ilitiwa humo humo.

Msije mkasema nawatisha. Kigae kikiwa kimelala salama sakafuni hakina neno na mtu. Zile nyuzi zimeshikwa ndani ya plastiki kama karanga ndani ya kashata. Pita juu yake, deki, hata cheza muziki ukitaka, hazikurukii. Kasheshe linaanza pale unapoitwanga kashata kwa nyundo, au unapoipitishia mashine ya kusugua. Hapo zinatoka na kuelea hewani, na wewe unavuta pumzi kwa nguvu kwa sababu kazi ni nzito.

Nyuzi hizo ni nyembamba mno. Huzioni kwa macho, hazinuki, wala hazikereketi koo ukajua kwamba hapa sasa niondoke. Zikishaingia ndani kabisa ya mapafu zinakaa huko. Zinaweza kuyafanya mapafu yawe makovu matupu mpaka mtu ashindwe kupanda ngazi, zinaweza kuleta saratani ya mapafu, na iko saratani ya utando unaoyazunguka mapafu ambayo asbestosi ndiyo mama yake. Kwa kawaida ugonjwa unachukua miaka 20 mpaka 40 kujitokeza. Hesabu mwenyewe: deiwaka wa miaka 22 leo, hodi inapigwa mlangoni akiwa na wajukuu. Na wewe unayemalizia kazi kwa kuwasha sigara usijione mjanja, maana moshi na asbestosi vikikutana kwenye pafu moja, hatari ya saratani inapanda kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Ni kweli, siku moja ya vumbi haina maana kwamba kaburi limeshachimbwa. Hatari inaongezeka kadiri unavyovuta zaidi. Lakini deiwaka hafanyi siku moja. Leo yuko mtaa huu, kesho ule, na akisifiwa kwamba anabomoa haraka ndiyo kabisa, kila tenda anaitwa yeye. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya watu 200,000 wanakufa kila mwaka kwa sababu ya asbestosi waliyokutana nayo kazini. Wengi wao walikuwa wanatafuta riziki kama wewe na mimi.

Na asiwepo wa kuniambia hayo ni magonjwa ya wazungu. Mwaka 1960, kule Afrika Kusini, daktari J. C. Wagner na wenzake waliandika habari za wagonjwa 33 wa ile saratani ya utando. Karibu wote walikuwa na uhusiano na eneo la machimbo ya asbestosi ya Cape, na baadhi yao hawakuwahi kushika sururu ya mgodi. Waliishi tu jirani. Ndiyo maana Afrika Kusini yenyewe, iliyokuwa ikichimba, ilikuja kuipiga marufuku mwaka 2008. Msumbiji ikafuata mwaka 2010. Uingereza ilikuwa imeshafunga mlango tangu 1999.

Pale Brooklyn, New York, palikuwa na kampuni ya vigae hivi ikiitwa Kentile, iliyoanza mwaka 1898. Bango lake kubwa juu ya paa lilikuwa linasalimiana na abiria wa treni kila siku. Mwaka 1992 kampuni ikafilisika, imezongwa na kesi za watu waliodai kuumizwa na asbestosi. Bango likabaki limesimama peke yake mpaka lilipoteremshwa mwaka 2014. Lakini vigae vilivyouzwa miaka yote hiyo havikuondoka na kampuni. Kupiga marufuku kunazuia kipya kisiuzwe, hakuking'oi kilicholala sakafuni. Hicho kinamsubiri mtu mwenye tindo.

NILICHOKIONA MTAANI

Majuzi nilipita kwenye jengo moja katikati ya jiji, jina naliweka kapuni. Ghorofa ya chini vijana watatu walikuwa wanatwanga sakafu, vipande vinaruka mpaka kwenye kibaraza. Mmoja kajifunga fulana puani, wawili wako wazi kabisa. Feni kubwa imewashwa, eti itoe vumbi. Na kweli lilikuwa linatoka, linamfuata mama ntilie aliyepanga sufuria zake nje ya mlango.

Nikamvuta pembeni mmoja wao. "Vipi dogo, hamjapewa hata maski?"

"Maski ya nini, braza? Hili vumbi la siku moja tu. Bosi anataka kesho fundi wa marumaru aanze."

"Mnalipwaje?"

"Kwa mita. Ukienda polepole unakula hasara."

Mimi jibu hilo la kwa mita ndilo lililonikaa kichwani. Chukueni kalamu. Ukumbi wa mita 10 kwa 10, ukiwa na vile vigae vidogo vya inchi 9, una vigae zaidi ya 1,900. Kijana analipwa kwa mita, kwa hiyo kila dakika anayoitumia kukitoa kigae kizima ni hela inayomtoka mfukoni. Akikitwanga kikawa vipande kumi, anakwenda mbio. Malipo yenyewe ndiyo yanayomwamuru avunje, hata bosi asiposema neno. Halafu kesho tunamlaumu deiwaka kwamba hajui kazi!

FUNDI HALISI ANAFANYAJE?

Sasa sikilizeni kazi inavyotakiwa, hata wewe usiye fundi, maana ipo siku utakuwa na duka lako.

Kwanza fundi haanzi na nyundo, anaanza na maswali. Sakafu hii ya mwaka gani? Kigae kina ukubwa gani? Ukipima ukapata inchi 9 kwa 9, yaani kama sentimita 23, ongeza wasiwasi, kwa sababu hicho ndicho kipimo kilichotamba enzi za asbestosi. Vya inchi 12, sentimita 30, vilikuja kuenea baadaye, ila navyo siyo malaika. Ukweli ni kwamba jicho halijui. Kipo chenye asbestosi na kipo kisicho nayo, na vimefanana kama mapacha. Kinachojua ni maabara, kipande kidogo kikitazamwa kwa hadubini. Ndiyo maana sheria za usalama kazini za Marekani zinataka sakafu ya vinili iliyowekwa mpaka mwaka 1980 ihesabiwe kuwa ina asbestosi mpaka vipimo viseme vingine. Huo msimamo hata sisi tunaweza kuuazima bure. Hujapima? Basi ichukulie kwamba imo.

Pili, chumba kinatengwa. Meza na makabati yanatoka. Kiyoyozi na feni vinazimwa, na matundu yake yanazibwa kwa nailoni, kwa sababu kwenye jengo la biashara hewa ya chumba kimoja inaweza kutembea mpaka kwa jirani. Mlango unawekewa pazia la nailoni na tangazo la kuzuia watu. Umeme wa soketi za sakafuni unakatwa maana maji yanakuja. Kazi za hivi wenye akili wanazifanya usiku au Jumapili, siyo karani yuko chumba cha pili anahesabu fedha huku anapiga chafya.

Tatu, mtu anavaa. Siyo kitambaa, siyo fulana, siyo ile maski ya hospitali. Hizo zinazuia mate, haziwezi kuzuia uzi mwembamba kiasi hicho. Kinachotakiwa ni kile kifaa cha kubana uso chenye vichujio vya daraja la P3, na ovaroli ya kuvaa mara moja na kutupa. Hapa naomba mnielewe vizuri. Yapo mambo ya kweli ya wake na watoto walioumwa huko duniani kwa sababu ya kufua au kukumbatia nguo za kazi za baba. Nguo ya vumbi hili haiendi nyumbani.

Nne, maji. Maji ndiyo rafiki wa kazi hii. Unachukua lile bomba la mgongoni la kupulizia dawa shambani, jipya lisilowahi kutiwa dawa, unatia maji na sabuni kidogo ya kuoshea vyombo ili yapenye, unalowesha. Kigae kikavu kinatimua, kilicholowa kinatulia.

Tano, sasa ndiyo mkono. Unaanza na kile ambacho kimeshaanza kulegea chenyewe, mara nyingi karibu na mlango. Unapitisha chuma bapa chenye ncha pana chini yake, ukikilaza, unakigonga kidogo kidogo mpaka kigae kinyanyuke kizima. Kikigoma, hukitukani kwa nyundo. Unakipasha kwa mashine ya kupuliza hewa ya moto, kinalainika kama chapati iliyotoka jikoni sasa hivi, gundi inaachia. Ukipasha usikiunguze. Mwenye mkono mzuri anakuletea rundo la vigae vizima kama karata. Huyo ndiye fundi, mlipe.

Sita, vinaingia kwenye mifuko minene ya nailoni, mmoja ndani ya mwingine, vikiwa bado vimelowa, na mfuko unaandikwa kilichomo. Usijaze sana, ni vizito, mfuko ukipasuka umerudi mwanzo. Na havitupwi kutoka ghorofa ya tatu kwenda ya chini, hata kama chini kuna lori.

Saba, ile gundi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi nzuri ya mwanzo. Wanaona madoa meusi, wanaleta grainda. Jamani! Ukisaga gundi kavu umefungua kila kitu ulichokuwa umekitunza. Inakwanguliwa ikiwa imelowa, au inaachwa ilivyo na kufunikwa. Na yule anayeleta petroli ili iyeyuke haraka, huyo hata habari ya miaka 40 haimhusu, anaweza kuondoka siku hiyo hiyo kwa cheche moja.

Mwisho ni usafi. Fagio marufuku. Ni tambara lililolowa, na ile mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA. Siyo ya nyumbani ya kusafishia kapeti, maana hiyo inameza mbele na kutema nyuma.

Vipimo vikisema hakuna asbestosi, mambo yanakuwa mepesi. Wenzetu Marekani wanazo mashine za kukwangua ambazo mtu anazikalia kama trekta, ukumbi mzima unaisha kwa siku. Hata hivyo vumbi la zege nalo siyo unga wa ngano, maski iwepo.

Na jambo moja la kuogopa kuliko vigae: lile kapeti la plastiki la zamani linalokuja kwa bunda, ambalo mgongoni lina kitu kama karatasi ya kijivu. La zamani likiwa na asbestosi, mara nyingi imekaa kwenye huo mgongo, na karatasi haishiki nyuzi kama plastiki inavyozishika. Ukilivuta tu limechanika. Hilo usiguse kabisa, ita wanaojua.

KWANI LAZIMA VITOKE?

Wenye maduka, hapa nanyi mnaguswa. Kama vigae vimeshika vizuri na havijapasuka, kazi bora kuliko zote ni kutoifanya. Viache, safisha, weka sakafu nyingine juu yake. Ziko sakafu za mbao na za plastiki zinazobana zenyewe bila kugongelewa wala gundi. Unaokoa hela na unaokoa mapafu. Ila andika mahali na umkabidhi mwenye jengo, ili fundi bomba atakayekuja baada ya miaka kumi asitoboe bila kujua.

Ikibidi vitoke, usikubali kulipia kwa kasi. Lipa kwa siku, au lipa kwa mita ila mkataba useme vitoke vizima na vikiwa vimelowa. Na uliza vinakwenda wapi. Sisi tumezoea kifusi ni mali. Mtu anajaza kiwanja bondeni, anafukia dimbwi la mtaani, watoto wanacheza gololi juu yake. Kifusi cha vigae hivi hakijazi kiwanja. Ni taka hatarishi, na mambo ya taka hatarishi ni ya NEMC, uliza kwao ndipo upakie lori.

Kwako kijana mwenzangu unayeitwa asubuhi na kuambiwa "njoo na nguvu zako", sikuambii ukatae kazi, nani atakulisha? Nakuambia uliza mambo matatu kabla ya kuinama. Hivi vigae vimepimwa? Maji na vifaa vya pua viko wapi? Tunalipwa kwa mbio au kwa kazi? Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ipo, na OSHA wapo kwa ajili yake, na vifaa vya kujikinga ni mzigo wa mwajiri, siyo wa kibarua. Bosi akikucheka, kumbuka yeye atakuwa amesimama nje barabarani, anaongea na simu.

Na kama umeshafanya kazi hizi miaka iliyopita bila kujua, usikae unahesabu siku. Acha sigara, na siku ukienda hospitali kwa kikohozi kisichoisha mwambie daktari ulikuwa unafanya kazi gani. Asipojua hilo, anaweza kukutibu kifua cha kawaida mpaka uzeeke.

Yule mama ntilie nilimwambia ahamishe sufuria upande wa pili wa barabara. Alihama, ila alinuna, kwa sababu kule hakuna wateja. Sasa hapo ndipo ninapowauliza wenye majengo: huyu naye mlimweka kwenye hesabu ya ukarabati?

Tukutane wiki ijayo. Iko barua ya binti mmoja wa Sinza aliyechumbiwa na marafiki wawili wa kijiwe kimoja, wote hawajui. Usikose, na usimsimulie mtu.